Sikio Baada ya Saratani ya Ngozi

*Mtu mwenye ualbino aliyekatwa ukingo wa sikio kwa sababu ya saratani ya ngozi aweza kurudishiwa umbo lake, au hata miwani haitakaa tena? Msomaji, Mwanza.*

Hofu hiyo ina msingi, kwani sikio ndilo hushika mkono wa miwani, lakini umbo hurekebishika. Maabara ikishathibitisha kwamba kingo za nyama iliyokatwa hazina saratani, pengo dogo hufungwa kwa kusogeza ngozi na gegedu iliyobaki, yaani ile tishu ngumu inayopindika. Pengo kubwa hufunikwa kwa ngozi ya nyuma ya sikio, ambayo huachwa ikiwa bado imeshikamana na asili yake kwa takribani wiki 3, ipate damu, ndipo itenganishwe. Usaha ukitoka, ngozi hiyo ikigeuka nyeusi au tezi za shingo zikivimba, mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo.