SOMO: KUNGOJA MAJIBU YA KIPANDE CHA NGOZI

Katika ukurasa huu wa somo tumezoea kuletewa ngeli, methali na ufupisho. Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama ameniruhusu nilete somo la aina nyingine. Halitahiniwi, lakini huenda ukalihitaji mapema kuliko lile la ngeli. Ni somo la kukaa na wasiwasi wakati unapongoja majibu ya hospitali. Mimi nililisoma kwa mguu wangu mwenyewe.

Wakati wa likizo ya Agosti, nyumbani upande wa Runyenjes, mama aliona doa jeusi kwenye unyayo wangu wa kushoto, karibu na kisigino. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya haragwe na ukingo wake ulipindapinda. Halikuuma wala halikuwasha. Sisi watu wa huku tumekanyaga udongo mwekundu, visiki na miiba tangu utotoni, sasa nani huhesabu madoa ya mguu? Mama alihesabu. Daktari alilitazama kwa lenzi, akaguna, akasema, "Kijana, hili siwezi kulihukumu kwa macho. Tutalitoa lote tulipeleke maabara." Nikadungwa sindano ya ganzi, likakatwa, nikashonwa nyuzi nne. Kazi yote haikufika nusu saa. Kungoja majibu kulichukua zaidi ya mwezi, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa nimesharudi shuleni huku Meru, mbali na mama na mbali na daktari.

Labda utauliza, doa tu linamtia mtu hofu gani? Wengi wetu hudhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Ni kweli kwamba jua huwaumiza wao zaidi. Hata hivyo, iko aina moja kali iitwayo melanoma, nayo kwa sisi watu weusi aghalabu hutokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka wa 1977 kwenye kidole cha mguu, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Habari hiyo niliipata bwenini usiku wa kwanza wa muhula, taa zikiwa zimezimwa, kutoka kwa mwenzangu wa kitanda cha juu. Nadhani nia yake ilikuwa njema. Yeye alilala baada ya dakika mbili. Mimi niliisikia kengele ya alfajiri nikiwa macho.

Usiku kama huo mtu hujiuliza kama yeye ni mwoga kuliko wenziwe. Wataalamu wana jibu. Mwaka wa 2016 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watu 45. Kila mmoja alicheza mchezo wa kompyuta wa kubahatisha kama chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna. Nyoka akiwepo, mchezaji alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Wakati huo wote walipimwa jasho na mboni za macho. Ungedhani waliohangaika zaidi ni wale waliojua kwa hakika kuwa shoti inakuja. La hasha! Hangaiko lilifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Kumbe kutojua humsumbua binadamu kuliko kujua baya. Kwa hivyo moyo unaokwenda mbio, tumbo linalovurugika na macho yanayokodoka saa nane za usiku si dalili kwamba kansa imeingia. Ni kazi ya kawaida ya ubongo uliokosa hakika.

Jambo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa kujua kile kipande changu kinafanya nini huko kilikokwenda. Kabla ya hapo nilifikiri daktari anakitazama kwa dakika tano, na kwamba kila siku ya kimya inamaanisha wanaogopa kuniambia. Mwalimu wetu wa Biolojia alinieleza, nami nakueleza wewe.

Kipande hutiwa kwanza ndani ya dawa iitwayo fomalini ili kisioze, nacho hulala humo kwa saa nyingi hadi kikazwe. Kisha hukaushwa maji kwa alkoholi na kuzamishwa katika nta ya moto, nta ikipoa kinakuwa kama kipande cha mshumaa. Hapo ndipo hukatwa kwa kisu cha mashine, vipande vyembamba vya mikromita 4 hivi. Ukivipanga vipande 250 vya namna hiyo ndipo upate milimita 1! Vipande hubandikwa kwenye vioo na kutiwa rangi mbili. Moja huvipaka viini vya seli rangi ya buluu iliyoiva, nayo asili yake ni mti wa Amerika ya Kati. Nyingine huacha sehemu zilizobaki zikiwa waridi. Baada ya hayo yote ndipo daktari wa patholojia akae na hadubini yake. Asiporidhika huagiza vipande vingine vikatwe, au rangi nyingine, au humwita mwenzake aangalie pia. Na sampuli yako si peke yake mezani. Nyingine zimefunga safari kutoka mbali kabla hata ya kuingia kwenye foleni. Basi majibu kuchelewa hakukuambii kitu, si zuri si baya. Nilikariri maneno hayo kuliko nilivyokariri jedwali la elementi.

Je, wasiwasi ulikwisha? Haukwisha. Nilichofanya ni kuupa saa yake. Kila jioni baada ya chajio nilikaa na daftari kwa dakika 20 nikiandika kila kitu ninachoogopa, bila kuficha. Ukinijia darasani wakati wa Hesabu, niliuambia, "Ngoja jioni." Wakati mwingine ulingoja, wakati mwingine uligoma. Usiku nilivuta pumzi nikihesabu hadi nne na kuitoa polepole nikihesabu hadi sita, maana pumzi ndefu ya kutoka huupoza moyo. Nilimchagua mtu mmoja wa kumweleza, naye ni matroni. Madaktari wa bweni niliwaomba kwa heshima wanyamaze. Wewe ukiwa na rafiki anayengoja, usimwambie "si kitu," kwa sababu hujui. Muulize tu kama angependa kusindikizwa kwenda kuchota maji.

Lakini subira nayo ina mpaka wake, na hapa ndipo ninapopatilia mkazo. Siku unapokatwa, usitoke chumbani bila kuuliza majibu yatakuwa tayari lini, nani atakayekuita, na usipoitwa umpigie nani. Mama aliuliza. Tarehe tuliyopewa ilipopita kwa siku tano, matroni alinipa simu nikamweleza mama, naye akaenda hospitali mwenyewe. Karatasi ilikuwa imelala ndani ya droo kwa siku sita! Hakuna aliyepiga simu. Hospitali siitaji, lakini wazo lile kwamba "wasipokuita basi uko salama" lifute kabisa kichwani.

Nikapewa ruhusa, nikapanda matatu ya kuelekea Embu. Kwenye mteremko wa daraja la Nithi abiria wote walinyamaza, kama ilivyo kawaida pale. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu Nkubu.

Kwenye benchi la kungojea nilikaa kando ya mzee mmoja kutoka Mbeere mwenye kidonda cha siku nyingi kwenye muundi. Aliingia kwanza. Alipotoka aliniambia ni saratani, na kwamba mguu utashughulikiwa mwezi huo huo. Nikamwambia, "Pole sana, mzee." Akajibu, "Asante, mwanangu. Tangu Juni nilikuwa napigana na kitu kisicho na jina. Leo nimelijua." Kisha akamwuliza nesi dirisha la malipo liko wapi.

Langu lilikuwa doa la kawaida la seli za rangi, nalo limetolewa lote. Daktari alinionyesha sentensi hiyo kwa kidole nami nikaisoma mara tatu. Niliomba nakala ya karatasi, nawe uiombe yako, jibu liwe zuri au baya, kwa kuwa daktari mwingine akikuona baadaye ataihitaji. Aliniagiza nitazame nyayo zangu mara moja kila mwezi, pamoja na viganja na kucha, nikiona doa jipya au linalobadilika nirudi.

Mwenye swali anipate maktabani siku ya Alhamisi, kabla ya mkutano wa chama.