Barua Isilale Mezani
Somo juu ya kuwapasha habari walimu wa shule ya msingi

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mkuu wa shule ni kuangalia watoto, kupigisha kengele na kutia sahihi vitabu. Kazi hizo ni zake kweli. Lakini anayo kazi nyingine isiyoonekana sana, nayo ni kuwajulisha walimu wake mambo yanayobadilika na mambo yanayokuja. Mkuu akiitimiza, shule hutulia. Akiiacha, kila mwalimu hufuata alilolisikia njiani, na wazazi hawajui wamwamini nani.

Wakatekumeni wengi ni baba na mama wa watoto wanaosoma. Wengine ni walimu wenyewe, na wengine wamechaguliwa katika kamati ya wazazi. Kwa hiyo jambo hili lawahusu, hata wale ambao hawajaingia kamwe katika ofisi ya shule. Somo hili laeleza kwanza njia inayopitiwa na amri za shule, kisha mambo mawili yaliyotokea Kongo mwaka 2019 na mwaka 2020, na mwisho namna ifaayo ya kupasha habari.

I. NJIA YA AMRI

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, shule nyingi za msingi za umma huangaliwa na makanisa. Mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule zote mikononi mwake. Baadaye, mwaka 1977, ilifanya mapatano na makanisa, ikayarudishia kazi ya kuziangalia. Tangu hapo shule hizo zina wakubwa wa namna mbili. Serikali huweka sheria, masomo, kalenda na mishahara. Kanisa huangalia mwenendo wa shule wa kila siku, kwa mkono wa ofisi ya shule ya diosezi.

Basi, amri mpya ikitoka kwa Waziri huko Kinshasa, hushuka ngazi kwa ngazi. Hufika kwanza katika ofisi ya elimu ya jimbo, kisha katika ofisi ndogo iliyo chini yake. Upande mwingine hupewa mratibu wa shule za diosezi. Mwisho hufika kwa mkuu wa shule, naye ndiye mwenye kuwaambia walimu. Katika kila ngazi iko meza, na juu ya kila meza barua yaweza kulala.

Toka Kinshasa mpaka Bukavu ni mbali zaidi ya kilomita 1,000, na toka Bukavu mpaka vijiji vya milimani kuna njia mbovu, mvua na mito. Siku hizi simu husaidia sana, lakini si kila kijiji kina mawasiliano, tena si kila neno la simu ni la kweli. Hata hivyo mara nyingi barua hushinda taabu hizo zote, ikavuka mito na milima, halafu ikakwama katika hatua ya mwisho, iliyo fupi kuliko zote: toka meza ya mkuu mpaka darasa la mwalimu. Hatua hiyo haihitaji gari wala fedha. Yahitaji moyo tu.

II. MFANO WA MWAKA 2019

Katiba ya nchi, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yasema katika kifungu cha 43 kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na katika shule za umma ni ya bure. Lakini kwa miaka mingi neno hilo halikutimizwa kwa ukamilifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya Serikali ilikuwa imedhoofika hata haikumtosha mwalimu kula. Ndipo wazazi walipoanza kutoa mchango wa kuwategemeza walimu ili shule zisifungwe. Mchango huo ulidumu, ukawa desturi. Mzazi aliyekosa fedha alimwona mtoto wake akirudishwa nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka wa shule, mwezi wa Septemba 2019, Serikali iliamuru kwamba katika shule zote za msingi za umma, pamoja na zile zinazoangaliwa na makanisa, mchango huo ukome. Habari hiyo ilikuwa na pande mbili. Kwa wazazi ilikuwa furaha: watoto waliokuwa wakikaa nyumbani walikuja wengi, hata madarasa yakafurika. Lakini walikuwako walimu wengi ambao majina yao hayakuwa katika orodha ya mishahara ya Serikali. Hao walikuwa wakiishi kwa mchango wa wazazi peke yake. Kwao habari ile ile ilimaanisha kwamba chungu hakitapanda jikoni.

Hapo ndipo moyo wa mkuu wa shule ulipopimwa. Ifikiriwe shule moja ya kijiji yenye walimu saba, watatu kati yao wakiwa nje ya orodha.

Mkuu wa namna ya kwanza aificha barua, kwa kuwa aona haya kuwatazama wale watatu usoni. Mwalimu wa darasa la tatu, asiyejua lolote, amrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya fedha, kama alivyofanya mwaka uliopita. Baba wa mtoto, ambaye amesikia redio, aja shuleni kwa hasira na kumwita mwalimu mwizi mbele ya watu. Mwalimu yule hakuiba kitu. Aliachwa bila kujua, na aibu iliyokuwa ya mkuu ikamwangukia yeye.

Mkuu wa namna ya pili asoma nusu ya barua, ile ya kupendeza. Kwa wale watatu asema tu, «Mambo yatatengenezwa, ngojeni.» Nao wangoja. Wakopa unga dukani wakitumaini mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa mwezi unaofuata. Robo ya mwaka yapita ndipo watambue kwamba hakuna aliyewaahidi kitu. Deni limekuwa kubwa, na wakati wa kulima umepita.

Mkuu wa namna ya tatu awakusanya walimu wote saba siku ile ile barua ilipofika. Aisoma yote. Awaeleza wazi: hili limekatazwa tangu leo, hili limeahidiwa lakini siku yake haikutajwa, na hili, yaani mshahara wa walio nje ya orodha, barua haikulijibu. Kisha awaambia wale watatu walete hati zao, naye azipeleka kwenye ofisi ya elimu pamoja na barua ya kuwaombea waandikwe.

Mkuu huyu wa tatu hakuleta fedha. Siku ile wale watatu walirudi nyumbani na huzuni. Lakini aliwapa kitu ambacho wale wakuu wengine wawili waliwanyima wenzao, nacho ni wakati. Mmoja aliweza kulima shamba kabla ya mvua. Mwingine aliweza kuzungumza na mke wake, wakapunguza matumizi. Wa tatu aliweza kuamua kama ataendelea kufundisha au hapana. Habari mbaya ikitolewa mapema, humwachia mtu nafasi ya kushika shauri. Ikifichwa, haipungui ubaya wake. Siku tu ndizo zinazopotea.

Wahenga walisema, «Mjumbe hauawi.» Mkuu wa shule hakuiandika ile amri. Asiogope basi kuisoma.

III. MFANO WA MWAKA 2020

Mambo yanayokuja nayo yadai uangalifu, hasa tarehe. Mwaka 2020 ulionyesha hivyo. Tarehe 18 Machi, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba shule zote zifungwe tangu kesho yake kwa majuma manne. Majuma manne yakawa miezi. Tarehe 10 Agosti waliitwa kwanza wanafunzi wa madarasa ya mwisho, ambao ndio wenye kungoja mitihani ya taifa, na miongoni mwao darasa la sita la shule ya msingi. Wengine walianza mwaka mpya tarehe 12 Oktoba. Mwezi wa Desemba shule zikafungwa tena, zikafunguliwa tarehe 22 Februari 2021.

Mwalimu wa darasa la sita aliyekwenda kijijini kwao, na asiyepata habari ya tarehe 10 Agosti, hakupoteza siku zake mwenyewe tu. Alipoteza siku za watoto waliokuwa wamebakiwa na majuma machache kabla ya mtihani. Kwa hiyo mkuu mwenye busara, kabla ya walimu kutawanyika, huandika katika daftari mahali kila mmoja anapokwenda, na jina la mtu wa kule awezaye kumfikishia neno. Asipokuwa na simu, atatafuta dereva wa pikipiki, mfanyabiashara wa soko au katekista anayepita njia ile.

IV. NAMNA IFAAYO YA KUPASHA HABARI

1. Kusoma yote, kwa wote, siku moja. Haifai mwalimu mmoja ajue Jumatatu kwa sababu ni rafiki wa mkuu, na mwingine ajue Ijumaa kwa sababu si rafiki. Hapo huzaliwa manung'uniko na vyama. Hata mwalimu mgeni, hata mlinzi wa shule, yafaa wasikie lile linalowahusu.

2. Kueleza kwa lugha inayoeleweka. Barua za Serikali huandikwa kwa Kifaransa cha sheria. Mkuu aisome kama ilivyo, kisha aieleze kwa Kiswahili, na mwisho amwombe mwalimu mmoja arudie kwa maneno yake. Akikosea, ndipo itaonekana kwamba maelezo hayakutosha.

3. Kutenga amri na habari na fununu. Amri ina nambari, tarehe na sahihi ya mkubwa. Habari ni neno la kweli ambalo bado halijawa amri. Fununu ni neno la sokoni. Wazee husema, «Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.» Lakini mkuu hatumii methali hiyo kufunga shule. Akisikia neno la redio au la simu, aulize kwanza ofisini, ndipo atangaze.

4. Kuandika. Maneno ya kinywa husahaulika, hata hugeuka. Iwepo daftari ya matangazo, na kila mwalimu atie sahihi akiisha kusoma. Tena barua ibandikwe ukutani, mahali ambapo mvua haiinyeshei. Aliyekuwa mgonjwa siku ya mkutano ataikuta.

5. Kutangaza tarehe mapema na kuzikumbusha. Siku ya mkaguzi, mkutano wa wazazi, mitihani, likizo, yote yaandikwe ubaoni mwanzoni mwa mwezi. Jumatatu asubuhi, kabla ya masomo, dakika 10 zatosha kusema mambo ya juma lile. Tarehe ikibadilika, ile ya kwanza ifutwe mbele ya wote, wasije wengine wakaishika.

6. Kupokea maswali na kuyapandisha. Njia ya amri isiwe ya kushuka tu. Mwalimu akiuliza jambo ambalo mkuu halijui, mkuu aliandike na kulipeleka juu, kisha arudi na jibu. Kama jibu halijaja, aseme hivyo waziwazi. Walimu huweza kuvumilia neno «bado», hawavumilii kudanganywa.

V. WAJIBU WA WALIMU NA WAZAZI

Mzigo huu si wa mkuu peke yake. Mwalimu asiyefika mkutanoni, asiyesoma daftari, kisha akalalamika kwamba hakuambiwa, amejinyima mwenyewe. Na mwalimu aliyepata habari asiitangaze nusu nusu njiani.

Wazazi nao, kwa mkono wa kamati yao, wana haki ya kujua amri zinazowahusu watoto wao. Mzazi aliyesikia redio asianze na hasira. Aende kwanza kumuuliza mwalimu kwa upole kama ameipata barua. Pengine atagundua kwamba mwalimu naye alikuwa akingoja kuambiwa.

MASWALI NA MAJIBU

Ni nani huweka sheria na kalenda ya shule za msingi za umma? Ni Serikali. Kanisa huangalia mwenendo wa kila siku wa shule lililokabidhiwa.

Amri ya mwaka 2019 ilileta nini? Iliondoa mchango wa wazazi katika shule za msingi za umma. Watoto wengi walipata shule, lakini walimu walio nje ya orodha ya mishahara walipoteza riziki yao.

Kwa nini haifai kuificha habari mbaya? Kwa sababu humnyima mtu wakati wa kushika shauri, na humtia katika kosa asilolijua.

Amri hutambulikanaje? Kwa nambari yake, tarehe yake na sahihi ya mkubwa mwenye ruhusa.

Mkuu afanye nini asipojua jibu? Akiri kwamba halijui, aliandike swali, alipeleke juu, na kurudi na jibu.

KAZI YA JUMA HILI

Kila mkatekumeni mwenye mtoto shuleni aulize mambo mawili: siku ya mkutano ujao wa wazazi, na mahali matangazo ya shule yanapobandikwa. Kama hakuna mahali, wazazi wawili au watatu wamsaidie mkuu kupata ubao, misumari na kipande cha bati cha kuufunika.