SIKU BAADA YA SIKUKUU

Usiku wa Noeli kanisa hujaa. Wakristo wa Mtwara na Mikindani, na wa bara huko Masasi na Newala, huimba kwa nguvu. Watoto huvaa nguo mpya, na chakula kizuri hupikwa. Zikipita siku chache, wageni wamekwenda zao, nguo zimerudi sandukuni, na mtoto yule aliyewahi kanisani kabla ya wote sasa aona uzito hata kupiga magoti. Wahenga walisema: Ngoma ivumayo haidumu. Je, imani nayo ni ngoma?

Yatazame mashamba yetu. Noeli huja wakati mvua zinapoanza. Mbegu huota, na shamba hupendeza. Lakini pamoja na mahindi huota magugu. Mkulima akisema, "Nimekwisha kupanda," akaketi barazani, atavuna nini? Baada ya kupanda huja palizi. Mgongo huuma, wala hapana vigelegele. Lakini chakula cha mwaka hutoka katika siku hizo.

Kalenda ya Kanisa yatufundisha vivyo hivyo. Noeli ni tarehe 25 Desemba. Kesho yake twamkumbuka Stefano, aliyepigwa mawe kwa ajili ya imani yake. Na tarehe 28, watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Wachungaji nao hawakubaki horini. Walirudi kwa kondoo wao, kwenye kazi ile ile ya jana, wakimsifu Mungu.

Sasa sikilizeni habari ya Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pale pale. Lakini jiwe moja si kanisa. Sikukuu ilipokwisha, yalibaki matumbawe, chokaa, na jua kali. Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, aliisimamia kazi hiyo mwaka hata mwaka, mpaka kanisa likafunguliwa siku ya Noeli mwaka 1879. Kati ya Noeli hizo mbili ilipita miaka sita ya kuweka jiwe juu ya jiwe.

Kanisa hilo lilipokuwa bado kujengwa, Askofu huyo aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kuja upande wetu. Ilikuwa mwaka 1876. Walishuka Lindi, wakapanda bara hata Masasi, wakakaa hapo. Siku ya kuwekwa huru ni sikukuu kubwa kuliko nyingi. Lakini baada yake watu hao walipaswa kufyeka msitu, kujenga nyumba, kulima na kusali. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa pia Magwangwara, waliushambulia mji wao, wakachukua watu mateka. Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi yenye askofu wake.

Basi, mwanafunzi, furaha yako ikipoa usidhani kwamba Mungu amekwenda zake pamoja na wageni. Wala usingoje moyo uchangamke ndipo usali. Chagua jambo moja dogo, ulishike kila siku: sala fupi kabla ya kwenda kuteka maji, au mistari michache ya Injili ya Luka kabla ya kulala. Ukiwa na ugomvi na ndugu yako, mwendee mpatane. Jirani akiwa mgonjwa, mchotee maji. Ukisahau siku moja, anza tena kesho yake. Mkulima aliyeumwa siku moja halitupi shamba lake. Haba na haba hujaza kibaba, na Noeli ijayo itakukuta umekua.

MASWALI

1. Kwa nini mkulima hapumziki mara akiisha kupanda?
2. Ni nani akumbukwaye kesho yake baada ya Noeli? Alipatwa na nini?
3. Kanisa la Unguja lilijengwa mahali gani? Lilichukua miaka mingapi?
4. Watu waliokombolewa walifanya kazi gani Masasi?
5. Andika jambo moja dogo utakalolishika kila siku mwezi huu.