Dondoo muhimu: Intaneti ya nyumbani ikikatika

Kabla hujampigia fundi, jua kwanza tatizo liko wapi: kwenye simu, kwenye ruta au nje ya nyumba.

• Jaribu kifaa kingine. Simu moja ikigoma na nyingine inafungua, kasoro ni ya simu.

• Kagua kifurushi. Huenda kimeisha tu.

• Soma taa za ruta. Kwa wenye faiba, taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umekunjika au kichwa chake kimelegea. Tazama kama kochi halijaubana. Usiuvute, wala usichungulie ncha yake.

• Zima, subiri, washa. Chomoa ruta kwenye umeme kwa nusu dakika, kisha ipe dakika tano. Kile kitufe cha kubonyeza kwa sindano usikiguse. Kinafuta mipangilio yote.

• Waifai hafifu? Itoe ruta nyuma ya televisheni au friji. Iweke juu, katikati ya nyumba.

• Jiandae kwa giza. Ruta nyingi hutumia volti 12. Betri ndogo ya akiba huiwasha kwa saa kadhaa. Bakiza pia bando kwenye simu.

• Ukiripoti, taja rangi ya taa na saa ilipokatika, kisha omba namba ya malalamiko.

• Mara nyingine ni subira. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo, kuzima na kuwasha ruta ni kujichosha.