Kumpeleka Mdogo Wako Chooni Safarini

Katika nyumba za Wazigua na Wasambaa ni desturi ya tangu zamani mtoto mkubwa kumlea mdogo wake. Humbeba mgongoni, humlisha uji, humwosha miguu jioni. Basi siku ya safari kazi hiyo haikomi, bali huzidi, hasa pale mdogo anaposema, "Dada, nimebanwa." Somo hili lahusu neno hilo moja, ambalo watu wazima wengi huona haya kulifundisha.

Choo cha nyumbani mtoto anakijua. Ajua mlango wake na giza lake, na kila anayekitumia ni ndugu au jirani. Choo cha stendi sivyo kilivyo. Mji wa Korogwe u kando ya Mto Pangani, nao ni mji wa wasafiri tangu zamani: reli iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na siku hizi hupita mabasi ya Dar es Salaam, Tanga, Lushoto, Moshi na Arusha. Kwa hiyo mlango mmoja wa choo huingiwa kwa siku moja na watu wa pande nyingi, wala hapana awajuaye wote. Walio wengi ni watu wema. Lakini mtoto wa miaka minne hana kipimo cha kupambanua mwema na mbaya.

Tuseme umetumwa kutoka Handeni mpaka Korogwe kwa shangazi, pamoja na mdogo wako. Njia ni ya kilometa 65 hivi. Kabla hamjapanda gari mpeleke haja, hata kama asema hataki. Usimnyime maji ya kunywa ili asibanwe njiani, kwani jua la Handeni ni kali, na mtoto mwenye kiu huugua upesi.

Pengine gari litasimama porini, na wasafiri watasema wanakwenda "kuchimba dawa." Neno ni zuri, lakini jambo lenyewe si zuri sana. Nyasi zaficha nyoka, na kinyesi kinachoachwa juu ya ardhi huzaa nzi na minyoo. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu usiovaa kiatu. Basi ikiwa hapana budi kushuka, mvike viatu, mshike mkono, wala msivuke barabara. Malori ya njia hiyo hayamngoji mtu.

Sasa mmefika stendi. Una vifurushi vitatu na kuku mmoja, na mdogo wako anaruka-ruka kwa kubanwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Humwambia, "Choo kile pale, nenda upesi, mimi nalinda mizigo." Haifai hata kidogo. Mzigo ukipotea, baba atakemea, kisha atanunua mwingine. Chukua unachoweza kuchukua, na kilichosalia kiache kwa mwenye duka, useme, "Shikamoo, baba. Naomba uniangalizie mzigo, nampeleka mdogo wangu." Nani atakukatalia?

Msichana aingie na mdogo wake wa kiume upande wa wanawake, wala si aibu. Mvulana mwenye dada mdogo ana kazi iliyo ngumu zaidi. Na amwamkie mama apokeaye fedha mlangoni, amweleze haja yake, aombe chumba kilicho karibu na mlango. Kisha asimame mahali ambapo sauti yake yasikika, amwite dada yake kwa jina, naye aitike, mpaka atoke. Mtu akisema, "Nipe mimi nimpeleke," mshukuru kwa adabu, na mkono wa mtoto usiuachilie.

Ukiingia naye, tazama kwanza sakafu. Vyoo vingi vya shimo vimejengwa kwa miti iliyotandikwa udongo, na mchwa hula miti hiyo kwa chini mahali pasipoonekana. Ikitikisika unapoikanyaga, tokeni. Tena tundu la choo limepimwa kwa miguu ya mtu mzima, siyo ya mtoto. Ndiyo maana watoto wengi huliogopa, nao wana haki kuliogopa. Usimcheke. Msimamie kwa mbele, umshike mikono yote miwili mpaka amalize. Usimfungie komeo peke yake ndani, maana vidole vyake havina nguvu ya kulifungua.

Kisha maji na sabuni. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio masomo ya afya yaliyoitwa "Mtu ni Afya," na vijiji vingi vikachimba vyoo kwa sababu yake. Lakini choo bila kunawa ni nusu ya kazi. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi, kwani ugonjwa nao husafiri pamoja na wasafiri. Huko Handeni maji ni ya shida, hata watu wengine husema hawana ya kunawa. Mbona kibuyu chirizi chatosha? Ni dumu dogo lililotobolewa na kutundikwa. Ukikanyaga kijiti, kamba huliinamisha, maji yakachirizika kidogo tu.

Liko jambo moja tena, nalo ni zito. Mfundishe mdogo wako ya kuwa sehemu za mwili zifunikwazo na nguo za ndani ni zake mwenyewe. Mama anayemwogesha aweza kuzigusa, na mganga hospitali, mama akiwapo. Mwingine yeyote akizigusa, na apige kelele, akimbie, aje aseme. Mwovu humwambia mtoto, "Hii ni siri yetu." Mwambie mdogo wako ya kuwa siri ya namna hiyo haifichwi. Wala usidhani ya kuwa mwovu ni mgeni wa stendi tu. Mara nyingi ni mtu ambaye mtoto amjua na kumwamkia.

Akikuambia neno kama hilo, msadiki, usimpige, usimwaibishe. Mwambie mama, au mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mtu ajuaye ya kuwa mtoto anadhulumiwa atoe habari kwa wenye mamlaka. Katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupokea habari za watoto bila malipo.

Maswali

1. Kwa nini choo cha stendi si kama choo cha nyumbani?
2. Sakafu ya miti na udongo yaweza kuharibiwaje bila kuonekana?
3. Mvulana mwenye dada mdogo afanyeje mlangoni?
4. Eleza jinsi kibuyu chirizi kinavyotumika, kisha utengeneze kimoja.