Kabla Hujazama, Kagua Mtungi na Hewa Iliyomo

Wakazi wa Kwale wanaovuka Likoni hawajasahau mwaka 2019, gari lilipotumbukia baharini kutoka kwenye feri tarehe 29 Septemba na kutolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo watu waliuliza: mbona wazamiaji wasiingie tu wakalitoa? Jibu ni kwamba gari lilikuwa mita 58 chini. Mzamiaji wa kujifurahisha, hata aliyesoma sana, mwisho wake ni mita 40. Anayeanza huishia 18.

Kila mita 10 za maji hukandamiza mwili sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hivyo kwenye mita 10 shinikizo ni mara 2, kwenye mita 20 mara 3, na kwenye mita 58 karibu mara 7. Hewa ya mtungi nayo huisha kwa kasi hiyo hiyo. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200: una lita 2,400. Weka akiba ya bar 50, zinabaki lita 1,800. Mtu mtulivu anayepumua lita 20 kwa dakika atakaa dakika 45 kwenye mita 10, na dakika 30 kwenye mita 20. Kwenye mita 58 ni dakika 13 tu, na kupanda kumo humo. Tena huko chini naitrojeni hulevya kama mnazi.

Basi cha kwanza kukagua ni mtungi. Usiangalie rangi. Angalia begani mwake, karibu na shingo, tarehe zilizogongwa kwenye chuma. Mtungi hufunguliwa na kuchunguzwa kutu ndani kila mwaka, na kila baada ya miaka michache hupimwa kwa shinikizo la maji. Mtungi wa kuazima usio na tarehe inayosomeka urudishe, hata kama mwenyewe ni binamu yako. Kisha uliza umejazwa wapi. Kompresa ya hewa ya kupumua ina vichujio maalumu. Ile ya kujazia magurudumu gereji haina, na ikivuta moshi wa injini hutia kaboni monoksidi mtungini. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa akiwa chini, akadhani ni uchovu, kisha akazimia. Hewa inayonuka mafuta ikatae. Isiponuka, bado uliza.

Ukishafunga regulata, fungua koki polepole hadi mwisho. Vuta pumzi nne tano kwa mdomo huku ukitazama geji. Mshale ukitulia, vyema. Ukishuka kila unapovuta na kupanda unapoacha, koki haijafunguka sawasawa. Juu ya mashua utapumua bila shida. Kwenye mita 20 utakosa hewa. Kosa hili huwapata wazoefu pia, kwa sababu ya haraka. Jaribu na mdomo wa pili, ule wa njano wa kumpa mwenzako, maana siku ukihitajika hakutakuwa na wakati wa kuujaribu.

Miwani ya kuogelea haifai. Haifuniki pua, na chini ya maji hufyonza macho mpaka yakavilia damu. Chukua ya kuzamia, iweke usoni bila mkanda, vuta kidogo kwa pua: isipoanguka, imekukaa. Mkanda wa risasi ufunguke kwa mkono mmoja na usifunikwe na kamba nyingine. Wanaoanza hupenda kubeba risasi nyingi ili wazame upesi, kisha humaliza hewa wakipigana na uzito wao wenyewe. Ukitoa hewa yote kwenye jaketi ya kuelea na kushika pumzi ya kawaida, maji yakufike machoni. Hapo uzito umetosha.

Sasa neno kwa vijana wa Gazi, Msambweni na Shimoni waliokua wakizamia pweza kwa pumzi moja. Ujuzi wenu ni mkubwa, lakini kwa mtungi ndio unaowaweka hatarini kuliko mgeni. Mliozoea kubana pumzi mtaibana hata mkiwa mnapanda. Anayezama kwa pumzi ya juu hurudi na hewa ile ile. Aliyevuta hewa ya mtungi kwenye mita 10 akaibana, hewa hiyo hutaka kuwa mara 2 akifika juu, na mapafu hupasuka. Pumua muda wote. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame dakika 3 kwenye mita 5. Na anayetaka kuvua kwa mtungi amwone kwanza afisa wa uvuvi na BMU yake. Bunduki ya mkuki hairuhusiwi hata kidogo.

Kompyuta ya mkononi huonyesha kina, muda, na alama ya ndege. Alama hiyo ikiwaka, usipande ndege Ukunda: ngoja saa 12 baada ya mzamo mmoja, saa 18 baada ya mizamo kadhaa. Wengi husahau kwamba treni ya Nairobi nayo hupanda zaidi ya mita 1,600. Aliyezama Diani asubuhi asisafiri nayo jioni.

Kabla ya nanga kung'olewa, mwulize kiongozi wa mashua: oksijeni iko wapi, na chumba cha shinikizo kilicho karibu ni kipi? Akibabaika, shuka. Maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu baada ya kuzama si mambo ya kukandwa kwa mafuta. Mlaze mgonjwa, mpe oksijeni, mpeleke hospitali, na mwambie daktari alizama mita ngapi, kwa dakika ngapi, na alipanda vipi. Kompyuta yake mwende nayo.