Usemi wa mama na lugha ya kwanza ya mtoto: mtazamo kutoka Masisi na Walikale

Katika utendi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene kutokana na masimulizi ya Wanyanga wa Walikale, shujaa anazaliwa akitembea na akisema. Hiyo ni ajabu ya shujaa. Mtoto wa kawaida hungoja karibu mwaka mzima kabla ya kutamka neno la kwanza, na mwaka huo wote kazi yake ni kusikia. Makala hii inauliza: anasikia nini, kwa nani, na kwa lugha gani?

1. Mazingira ya lugha

Masisi ni nyumbani kwa wasemaji wa Kihunde na wa Kinyarwanda. Walikale inasemwa Kinyanga na Kikumu, miongoni mwa lugha nyingine. Juu ya lugha hizo kuna Kiswahili, lugha ya soko, barabara na kanisa, ambacho Katiba ya 2006 inakitaja kama mojawapo ya lugha nne za taifa. Kifaransa ni lugha rasmi. Kwa hiyo mtoto wa huku hukutana na lugha mbili au tatu kabla ya kufika shuleni.

2. Sifa za usemi wa mama

Mwaka 1972 Catherine Snow alilinganisha usemi wa akina mama kwa watoto wa miaka miwili na usemi wao kwa watoto wa miaka kumi. Kwa wadogo, sentensi zilikuwa fupi na nyepesi zaidi, na zilirudiwarudiwa. Mtoto alipokuwa hayupo, mama akiambiwa aseme kana kwamba yupo, usemi ulipungukiwa na sifa hizo. Maana yake ni kwamba mtoto mwenyewe, kwa macho yake na majibu yake, humwongoza mama namna ya kusema.

Tuchukue mfano. Mama anatoka shambani Masisi, mtoto yuko mgongoni. Mtoto anaona ng'ombe kwenye kilima, ananyoosha kidole:

Mtoto: Ngo!
Mama: Eeh, ngombe. Ngombe eko anakula majani.
Mtoto: Kula.
Mama: Eko anakula. Anakula majani mingi.

Mama hakufundisha sarufi. Hata hivyo amefanya mambo matatu: amefuata kile mtoto anachokitazama, amelikamilisha neno lake, na amemrudishia kitenzi kikiwa na viambishi vyake. Utafiti wa Tomasello na Farrar wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba neno hushika vizuri zaidi linapotaja kitu ambacho mtoto tayari anakiangalia, kuliko pale mtu mzima anapomvuta aangalie kitu kingine.

Hatua ya viambishi ni muhimu sana katika lugha za Kibantu. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha 2005, aliwachunguza watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili. Mara nyingi waliacha kiambishi cha nafsi au cha njeo, lakini irabu ya mwisho ya kitenzi waliishika. Kwa hiyo "kula" ya mtoto wetu ni hatua ya njiani. Haihitaji karipio, inahitaji kurudishiwa "anakula" leo, kesho na keshokutwa.

3. Je, ni mama peke yake?

Hapana. Snow aliwapima pia wanawake wasio na watoto, na wao walirahisisha usemi wao karibu sawa na akina mama. Nao Elinor Ochs na Bambi Schieffelin walieleza mwaka 1984 kwamba huko Samoa, na kwa Wakaluli wa Papua New Guinea, watu wazima hawasemi na mtoto kwa usemi uliorahisishwa kama ule wa Marekani, na watoto hao wanapata lugha yao vilevile. Jambo hili linatuhusu, kwa sababu vijijini kwetu mtoto hulelewa pia na dada mkubwa, bibi na jirani. Mama ni mlango wa kwanza, lakini nyumba ina milango mingi.

4. Vita, uchovu na kubadili lugha

Tangu 2023 mapigano ya Masisi yalizisukuma familia nyingi hadi kambi za pembezoni mwa Goma, Bulengo ikiwa mojawapo. Katika hali kama hiyo mambo mawili hubadilika. Kwanza, ile milango mingine inafungwa: bibi amebaki kijijini, jirani ni mgeni, na mama anashinda akitafuta maji na chakula. Pili, mama anaweza kuamua kumsemesha mtoto Kiswahili tu, akiamini kwamba Kihunde au Kinyanga kitamchelewesha.

Imani hiyo haina msingi. Ubongo wa mtoto hubeba lugha mbili bila kudhurika. Msamiati wake katika kila lugha hutegemea kiasi anachoisikia na kuitumia. Hatari iko kwingine: mama akiacha lugha anayoimudu vizuri na kutumia ile anayoijua kwa maneno ya soko tu, mtoto hupokea maagizo mengi na mazungumzo machache. Hadithi, utani na maelezo hubaki katika lugha iliyoachwa. Hata Sheria ya Elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira katika ufundishaji. Nyumbani hakupaswi kuzifukuza kabla shule haijazipokea.

5. Hitimisho

Mama hahitaji vifaa wala shahada. Anahitaji kujibu: mtoto akinyoosha kidole, ataje, akisema neno moja, amrudishie sentensi, kwa lugha inayomtoka moyoni. Anayemsaidia kuchota maji humpa pia nafasi ya kusema na mwanawe.

Maswali ya mjadala

a) Sikiliza mazungumzo ya mama na mtoto wa miaka miwili mtaani kwako, kwa ruhusa ya mama. Ni sentensi ngapi ni maagizo, na ngapi ni majibu kwa mtoto?
b) Ni viambishi gani mtoto huyo anaviacha, na ni vipi mama anavirudisha?